Laptopu moja, kebo moja, mitandao mitatu: nibadilisheje mipangilio bila kuhariri faili kila asubuhi?

Fundi_Kampemba aliuliza:

Wakubwa zangu na ndugu zangu, jambo yenu nyote.

Ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kutunza mitambo ya umeme wa jua pamoja na vifaa vya kuidhibiti. Laptopu yangu inaendesha Debian (aina ya Linux) yenye mazingira ya GNOME (madirisha na alama za skrini), na kila juma huipitisha katika mitandao mitatu isiyofanana hata kidogo. Ofisini, katikati ya mji, ninaunganisha kwa kebo, na anwani yangu ni ya kudumu, 10.20.0.45, kwa sababu mkuu wa mtandao ameandika anwani zote katika daftari lake na hataki ruta igawe anwani inavyopenda. Nyumbani sina kebo. Ninatumia Wi-Fi ya simu yangu, ambayo hutoa anwani yenyewe. Mara moja au mbili kwa juma ninapanda gari kwenda Likasi, kilomita zipatazo 120, ambako kuna karakana yenye vidhibiti vilivyotoka kiwandani na anwani zinazoanzia 192.168.1.10. Kule hakuna ruta wala intaneti. Kuna swichi ndogo tu, nami hujipa anwani 192.168.1.200 ili nivifungue vidhibiti hivyo katika kivinjari.

Hadi sasa nimekuwa na nakala tatu za faili ya /etc/network/interfaces, moja kwa kila mahali, na skripti fupi inayoiweka ile inayotakiwa mahali pake kisha kuwasha huduma ya mtandao upya. Mwanzoni nilijiona fundi kweli kweli, lakini sasa mambo manne yananichosha. Kwanza, alama ya mtandao ya GNOME inasema kwamba kebo yangu ni « non géré », kwa kuwa kompyuta yangu inazungumza Kifaransa, na siwezi kubadilisha kitu chochote kutoka pale. Pili, nikiwa nyumbani, anwani 1.1.1.1 inajibu ping (pakiti ndogo ya kujaribu kama upande wa pili upo) vizuri kabisa, lakini tovuti nikiiita kwa jina haifunguki mpaka nikahangaike. Tatu, nikiwa Likasi na kebo imechomekwa kwenye swichi, nikiwasha Wi-Fi ya simu ili nisome mwongozo wa kifaa, intaneti haipatikani. Nikichomoa kebo inakuja, nikiirudisha inapotea. Nne, juma lililopita nilinunua mega za intaneti za kutosha siku nne, zikaisha usiku mmoja, na sikuwa nimepakua kitu.

Naomba mnieleze njia ya kudumu, tena kwa sababu zake, si amri za kunakili tu. Nimeshanakili vya kutosha.

---

Yaya_Katuba alijibu:

Mdogo wangu, umeeleza vizuri, na karibu jibu lote limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Kompyuta yako ina mabwana wawili. NetworkManager, ambayo ndiyo iliyo nyuma ya ile alama ya GNOME, ina desturi katika Debian ya kutogusa kiolesura chochote (yaani mlango wa mtandao, kama kebo au Wi-Fi) kilichotajwa katika /etc/network/interfaces. Wewe umeitaja kebo humo, basi imekuachia uiongoze mwenyewe, na ndiyo maana ya maneno yale ya Kifaransa. Wi-Fi hukuitaja, kwa hiyo yenyewe inaendelea kuitunza. Sasa kila bwana anaandika njia zake na seva zake za majina bila kumuuliza mwenzake.

Kabla ya lingine lolote, niambie ukweli: je, uliwahi kuifunga faili ya /etc/resolv.conf ili isibadilike? Ping inapojibu kwa namba na jina lisifunguke, tatizo ni DNS, yaani seva za majina zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba, na DNS inayokataa kubadilika nyumbani mara nyingi imefungwa na mwenye kompyuta mwenyewe. Andika hivi uone:

`lsattr /etc/resolv.conf`

Ukiona herufi i katikati ya vistari, faili imefungwa, na laptopu yako inaendelea kuiuliza seva ya ofisini hata ukiwa kitandani Kampemba. Fungua kwa `sudo chattr -i /etc/resolv.conf`.

Baada ya hapo, ondoa kebo katika /etc/network/interfaces. Bakiza mistari ya `lo` (kiolesura cha ndani cha kompyuta yenyewe) peke yake, kisha uwashe NetworkManager upya kwa `sudo systemctl restart NetworkManager`. Kuanzia hapo hutakuwa tena na faili za kunakili. Utakuwa na profaili, yaani kila mahali kunapewa jina lake na mipangilio yake, na profaili nyingi zinaweza kutumia kiolesura kimoja mradi mbili zisiwe hai kwa wakati mmoja. Mimi nadhani kebo yako inaitwa enp3s0. Hakikisha kwa `nmcli device` (nmcli ni amri ya kuiongoza NetworkManager), maana jina hutegemea mahali kadi ilipopachikwa.

Ya ofisini:

`nmcli connection add type ethernet con-name ofisi ifname enp3s0 ipv4.method manual ipv4.addresses 10.20.0.45/24 ipv4.gateway 10.20.0.1 ipv4.dns 10.20.0.5`

Namba ya lango na ya seva ya majina ni za kukisia kwangu. Wewe weka zilizo katika lile daftari. Ya Likasi:

`nmcli connection add type ethernet con-name likasi ifname enp3s0 ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.200/24 ipv4.never-default yes connection.autoconnect no`

Angalia kwa makini kisichoandikwa katika amri hii ya pili: hakuna lango, na hakuna DNS. Naweza kuweka dau kwamba katika faili yako ya zamani ya Likasi uliandika lango 192.168.1.1 kwa mazoea, ingawa kule hakuna kifaa chenye anwani hiyo. Lango maana yake ni kuiambia kompyuta, « kila pakiti usiyojua pa kuipeleka, ipeleke huku ». Kompyuta ilikutii, ikazipeleka pakiti za intaneti kwenye swichi isiyo na pa kutokea. Ukichomoa kebo, lango lile linafutika, na njia ya simu inabaki peke yake. Ndiyo sababu intaneti ilikuwa inakuja na kupotea.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Njia mbili za kwenda nje zikiwapo kwa pamoja, Linux huchagua yenye namba ndogo zaidi, ile inayoonekana mbele ya neno metric katika `ip route`. NetworkManager kwa kawaida huipa kebo 100 na Wi-Fi 600, kwa hiyo kebo hushinda. Na ile uliyoandika katika faili ya zamani haikuwa na namba kabisa, jambo linalohesabiwa kuwa sifuri, ikashinda zaidi. Baadhi ya kompyuta hupimwa pia kama zinafika intaneti kweli, na kiolesura kinachoshindwa huongezewa 20000 ili kisukumwe nyuma, lakini kipimo hicho hakikuwashwa kila mahali, na ni bora usikitegemee. Ile `never-default` ni kufuli: profaili ya Likasi haitapewa kamwe njia ya kwenda nje, hata siku moja mtu akichomeka ruta pale karakana. Kwa hiyo vidhibiti utavifikia kwa kebo na mwongozo utausoma kwa simu, vyote pamoja, bila kuchomoa kitu.

Kuhama ni neno moja: `nmcli connection up likasi`, au `nmcli connection up ofisi`, au bonyeza jina lake katika alama ya GNOME. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeketi mbele ya kompyuta, ruhusa ya msimamizi, yaani sudo, haihitajiki.

Kuhusu mega zako: iambie profaili ya simu kwamba inalipiwa.

`nmcli connection modify "jina la Wi-Fi yako" connection.metered yes`

Simu za Android zenyewe hutoa dokezo la namna hiyo zinapogawa anwani, na NetworkManager hulisoma, lakini nimeona mara kadhaa dokezo likikosekana, basi usibahatishe. GNOME Software italiheshimu na kuacha kupakua masasisho. Ila elewa mpaka wake: amri ya apt (ya kusakinisha programu) utakayoiandika kwa mkono wako haimuulizi mtu yeyote kama mega zimebaki.

---

DadaRuashi alijibu:

Yaya amemaliza mengi, nami nitagusa jambo moja tu, lile daftari la mkuu wa mtandao.

Mimi natunza mtandao wa shule moja hapa Ruashi, na nilikuwa na daftari kama hilo mpaka siku mvua ilipoingia kwa dirisha. Ndugu Fundi, mwombe mkuu wako kwa heshima aiandike anwani yako ndani ya ruta yenyewe, akiifungamanisha na anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kadi yako. Utaendelea kupata 10.20.0.45 ileile kila siku, naye hatapoteza udhibiti wake, lakini kwa upande wa laptopu ofisi itakuwa mtandao wa kawaida unaotoa anwani.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu Wi-Fi ina jina linalotangazwa hewani, na kompyuta inajua iko wapi kabla ya kuunganishwa. Kebo haina jina. Ukiichomeka, kinachojulikana ni kwamba kuna umeme upande wa pili. Na profaili yenye anwani ya kudumu haimuulizi mtu chochote. Itasema imefaulu hata ukichomeka kebo kwenye swichi ya jirani. Profaili inayoomba anwani, kinyume chake, inaweza kushindwa, na huko kushindwa ndiko kunakoiambia kompyuta kwamba haiko ofisini.

Basi profaili ya ofisi ukiifanya hivi:

`nmcli connection modify ofisi ipv4.method auto ipv4.addresses "" ipv4.gateway "" ipv4.dns "" ipv4.may-fail no ipv4.dhcp-timeout 15 connection.autoconnect-priority 10 connection.autoconnect-retries 1`

na ya Likasi ukiiruhusu kujiwasha kwa kipaumbele 0, kompyuta itaomba anwani kwa sekunde 15, itakosa, na itaangukia Likasi yenyewe. Usipopunguza, itangoja sekunde 45 na kujaribu mara 4 kabla ya kukata tamaa, na wewe utadhani imekufa. Ukichomoa kebo na kuichomeka tena, hesabu inaanza upya.

---

MwanaKipushi alijibu:

Ushauri wa Dada ni mzuri ikiwa mkuu atakubali. Nimefanya kazi na wakuu wa namna hiyo, na daftari ni daftari.

Kuna njia nyingine isiyohitaji ruhusa ya mtu. NetworkManager huendesha kila skripti iliyo katika /etc/NetworkManager/dispatcher.d kila kiolesura kinapowaka au kuzimika, na huipa jina la kiolesura, tukio lililotokea, na jina la profaili. Unaiacha profaili ya ofisi iwake yenyewe, kisha skripti inamgongea mlango mwenye lango la ofisi kwa ARP, yaani swali la ndani ya mtandao: « nani ana anwani hii? » Asipojibu, inahamia Likasi:

```
#!/bin/sh
[ "$2" = "up" ] || exit 0
[ "$CONNECTION_ID" = "ofisi" ] || exit 0
arping -q -c 2 -w 3 -I "$1" 10.20.0.1 && exit 0
nmcli --wait 0 connection up likasi
```

Ule mstari wa tatu usiuondoe, kwa maana bila huo skripti itajiita yenyewe Likasi itakapowaka, na utaona mtandao ukizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ile `--wait 0` inaizuia skripti kusimama ikingoja jambo ambalo lenyewe linaingoja skripti imalize. Faili iwe mali ya root (msimamizi), iweze kuendeshwa, na isiandikwe na mtu mwingine, vinginevyo itapuuzwa. Ninatumia ARP badala ya ping kwa sababu ruta nyingi hukatazwa kujibu ping, lakini hakuna ruta inayoweza kukataa ARP na bado ikafanya kazi.

---

Yaya_Katuba alijibu tena:

Mwanangu wa Kipushi, skripti yako ni safi, na sina kosa la kuionyesha. Ila nitasema wazi kwamba mimi nisingeitumia kwa kazi ya ndugu huyu. Anakwenda Likasi mara moja au mbili kwa juma, na kule anagusa vidhibiti vya umeme. Mtu anayefungua ukurasa wa kidhibiti na kubadilisha kiwango cha volti anapaswa kujua kwa hakika yuko katika mtandao gani, na njia bora ya kujua ni kuuchagua yeye mwenyewe kwa kidole chake. Kompyuta inayokisia vizuri mara mia humzoesha mwenye nayo asiangalie tena.

Tena, anwani 10.20.0.1 si ya ofisi yake peke yake. Siku akienda kwa mteja mwenye lango la namba hiyohiyo, skripti itaapa kwamba yuko ofisini. Kama ni lazima, basi ilinganishwe na MAC ya ruta pia.

---

MwanaKipushi alijibu:

Hilo la MAC nalikubali, Yaya. Hilo la kidole, mimi ni mvivu.

---

Fundi_Kampemba alirudi:

Aksanti mingi kwenu nyote. Naleta habari baada ya siku tisa, kwa kuwa nilitaka nipite mahali pote patatu kwanza.

Yaya, dau ulilishinda mara mbili. Faili ya /etc/resolv.conf ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe mwaka jana kwa ushauri niliousoma mahali fulani, siku NetworkManager ilipokuwa ikifuta seva ya ofisini, kisha nikasahau. Na lango 192.168.1.1 lilikuwapo katika faili ya Likasi. Niliuliza pale karakana kama kuna kifaa chenye anwani hiyo, wakacheka.

Nimeondoa kebo katika faili ya zamani, nikatengeneza profaili zile mbili, na jana nilikuwa Likasi na kidhibiti kimefunguka katika dirisha moja, mwongozo wake katika dirisha la pili kupitia simu, kebo iko mahali pake. Nilitazama `ip route` nikaona mstari mmoja tu wa default, wa Wi-Fi, wenye 600. Ni jambo dogo, lakini nililitazama kwa muda.

Mkuu wa mtandao nilimwendea kwa heshima kama Dada alivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema daftari halizimiki umeme ukikatika. Nikanyamaza, maana hapo hakukosea. Kwa hiyo nimebaki na anwani ya kudumu.

Skripti ya MwanaKipushi niliijaribu kwa siku mbili. Siku ya kwanza ilinihamishia Likasi nikiwa ofisini, nami nikadhani ni ya bure. Kumbe arping haikuwa imesakinishwa, na amri isiyopatikana inahesabiwa kuwa imeshindwa, sawasawa na ruta isiyojibu. Nililiona hilo katika `journalctl -u NetworkManager-dispatcher`. Baada ya kusakinisha iputils-arping ilifanya kazi bila lawama. Hata hivyo nimeitoa na kufuata neno la Yaya: ofisi inajiwasha yenyewe, Likasi naichagua kwa kidole. Nimejitengenezea tu neno fupi katika .bashrc, `alias likasi='nmcli connection up likasi'`, kwa sababu kibodi yangu ni ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) na herufi zake zinanitesa gizani.

Limebaki swali dogo. Nilitaka alias hiyo initajie kwanza kama kebo iko hai, nikawa nachuja majibu ya `nmcli device` kwa grep (amri ya kutafuta maneno) nikitafuta neno connected, lakini haipati kitu. Nikiandika amri ileile katika kompyuta ya mwenzangu inapata.

---

DadaRuashi alijibu:

Kompyuta yako inajibu « connecté », Fundi, nawe unamtafuta mtu kwa jina la ndugu yake. Tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya nmcli, ili ijibu kwa Kiingereza, kila unapotaka kuchuja majibu yake. Tena chunga: grep ya connected hukamata disconnected pia, kwa hiyo tumia `grep -w connected`.

Na mwambie mkuu wako kwamba daftari pia halipatikani yeye akiwa likizo.